Asilimia 3.2 Inatoka Wapi?

Agosti 2022, karani wa sensa alipobisha hodi hakuanza kwa kuuliza mko wangapi humu ndani. Aliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne ya tarehe 23. Maswali hayo mawili hayana jibu moja. Ukiulizwa mko wangapi, utamtaja kijana aliyeko bwenini huko Iringa, utamtaja mume aliyesafiri na lori kwenda Tunduma, na huenda ukamsahau shangazi aliyefika juzi kwa matibabu. Ukiulizwa nani alilala hapa, kijana na mume wanatoka, shangazi anaingia. Kijana atahesabiwa bwenini, na dereva atahesabiwa alikolaza lori lake. Ndiyo maana usiku ule makarani walipita pia kwenye nyumba za kulala wageni, wodi za hospitali, stendi za mabasi na vibaraza wanakolala watu wasio na makazi. Kila aliyelala ndani ya mipaka ya nchi alitakiwa kuhesabiwa mara moja, mahali pamoja, awe raia au mgeni.

Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo jijini Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo: watu 61,741,120. Sensa ya 2012 ilikuwa imepata 44,928,923. Kutokana na namba hizo mbili ikazaliwa ya tatu, ambayo tangu hapo imesemwa bungeni, kwenye semina, redioni na vijiweni: idadi ya Watanzania inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Wapo wanaoitaja kwa hofu na wapo wanaoitaja kwa fahari, na pande zote mbili huitaja kana kwamba ni kipimo kilichosomwa kwenye mizani. Sivyo. Ni hesabu iliyojengwa juu ya majibu ya watu mlangoni, na nguvu yake haizidi nguvu ya majibu hayo.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu hata hapo wengi hujikwaa. Tofauti kati ya sensa hizo mbili ni watu 16,812,197, sawa na asilimia 37.4 ya wale wa 2012. Ukigawa 37.4 kwa miaka 10 unapata 3.74, na nimekutana na namba hiyo zaidi ya mara moja ikitajwa kama kasi ya ukuaji. Kosa lake ni kwamba kila mwaka ongezeko hupimwa kutokana na watu waliopo mwaka huo. Hawa wa 2021 walikuwa wengi kuliko wa 2012, kwa hiyo asilimia ileile inaleta watu wengi zaidi. Mwaka 2012, asilimia 3.2 ilikuwa na maana ya watu wasiofika milioni moja na nusu. Mwaka 2022 ilikuwa na maana ya karibu milioni mbili. Hesabu sahihi hutafuta kasi moja ambayo, ikirudiwa mwaka hadi mwaka kwa miaka 10, inatoka kwenye milioni 44.9 na kutua kwenye milioni 61.7. Hapo ndipo 3.2 inapopatikana.

Ipo njia ya haraka ya kuielewa namba hiyo bila kikokotoo cha kitaalamu: gawa 70 kwa kasi ya ukuaji, utapata miaka inayohitajika ili idadi iwe mara mbili. Kwa Tanzania ni miaka 22 hivi. Kwa Kenya, ambayo sensa yake ya 2019 ilipata watu 47,564,296 na kasi ya asilimia 2.2, ni takriban miaka 32. Uganda ilihesabu watu milioni 45.9 mwaka 2024 na kasi yake ni 2.9, kwa hiyo ni miaka 24. Dunia nzima kwa jumla sasa inakua kwa chini ya asilimia moja. Mwaka 1967, katika sensa ya kwanza baada ya Muungano, tulikuwa milioni 12.3. Katika miaka 55 tumekuwa mara tano.

Majuma mawili baada ya matokeo ya Dodoma, tarehe 15 Novemba 2022, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba dunia imefikisha watu bilioni nane. Siku hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya kumbukumbu. Hakuna aliyekuwa akihesabu mmoja mmoja hadi akafika wa bilioni nane. Kilichonivutia ni kwamba habari hiyo ilipokelewa kama habari ya kasi, wakati kasi ya dunia imekuwa ikishuka tangu miaka ya 1960, ilipofika kileleni kwa kuzidi asilimia mbili. Kutoka bilioni sita, mwaka 1999, hadi saba, mwaka 2011, ilichukua miaka 12; kutoka saba hadi nane ilichukua 11. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yanasema idadi itafika kileleni katika miaka ya 2080, ikiwa bilioni 10.3 hivi, kisha ianze kushuka polepole. Ongezeko linaendelea, ila msukumo wake unapungua, na mahali unapotoka panazidi kuwa pachache: sehemu kubwa ya ongezeko lijalo itatoka katika nchi zetu hizi za Afrika kusini mwa Sahara.

Idadi ya watu wa nchi hubadilika kwa mambo manne tu: watu huzaliwa, hufa, huingia na hutoka. Hakuna la tano. Lakini kila moja lina hadithi yake, na kwa Tanzania hadithi ya vifo ndiyo inayosahaulika. Utafiti wa afya wa 1999 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulipata 43. Katika kipindi hichohicho wanawake hawakuongeza kuzaa, walipunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani ulikuwa zaidi ya watoto sita kwa mwanamke, na mwaka 2022 ulikuwa 4.8. Ina maana kwamba katika hizo milioni 16.8 zilizoongezeka wamo watoto ambao miaka 20 kabla yake wangezikwa. Nasema hivi kwa sababu ongezeko la watu husimuliwa mara nyingi kama kosa la mwanamke wa kijijini asiyejua kupanga uzazi. Takwimu zinasema mwanamke huyo amepunguza, na watoto wake wanapona.

Kwa nini basi kasi isishuke mara moja? Kwa sababu ya umri. Nchi ambayo karibu nusu ya watu wake hawajafika miaka 18 ina mamilioni ya wasichana wanaokaribia umri wa kuzaa. Hata kila mmoja wao akizaa watoto wachache kuliko mama yake, akina mama wenyewe ni wengi mno kuliko wale wa kizazi kilichopita. Kenya inaonyesha jinsi safari hiyo ilivyo ndefu: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 8, mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani; mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Umeshuka kwa zaidi ya nusu, na bado Kenya inaongezeka.

Wastani wa nchi nao huficha mengi. Katika utafiti wa afya wa 2015-16, mkoa wa Simiyu ulizidi watoto saba kwa mwanamke huku Kilimanjaro ikiwa kati ya watatu na wanne. Sensa ya 2022 ikaonyesha Kilimanjaro ikikua kwa asilimia 1.3 tu kwa mwaka, na Geita, yenye dhahabu na wahamiaji wake, kwa zaidi ya asilimia tano. Mkoa wa Dar es Salaam, ambao kila mtu huamini ndio unaofurika, ulikua kwa asilimia 2.1, chini ya wastani wa taifa. Msafiri wa daladala ya Mbagala atashangaa kusikia hivyo. Lakini tazama jirani yake: Pwani ilitoka watu milioni 1.1 mwaka 2012 ikafika milioni 2 mwaka 2022. Watu walionunua viwanja Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo wakaamka alfajiri kuwahi kazini Kariakoo wamehesabiwa walikolala. Jiji limevuka mpaka wa mkoa, na mpaka haukulifuata. Kiwango cha ukuaji cha mahali popote hutegemea pia mstari umechorwa wapi.

Kuhama ndiko kunakoweza kupindua hesabu haraka kuliko chochote. Qatar ilikuwa na watu wapatao laki sita mwaka 2000, na katika baadhi ya miaka ya ujenzi wake mkubwa idadi iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Hakuna uzazi wa binadamu unaoweza kufanya hivyo. Ni ndege zilizoshusha vibarua, wengi wao wanaume, kutoka Nepal, India, Bangladesh na baadaye Kenya na Uganda. Bulgaria ilikwenda njia ya pili. Ilikuwa na karibu watu milioni tisa katika miaka ya 1980, na sensa ya 2021 ikakuta milioni 6.5. Wachache walizaliwa, wengi wakafa kwa uzee, na vijana wakaenda kutafuta kazi Ujerumani na Hispania.

Mashariki ya Asia hali ni nyingine tena. Japani mwaka 2024 iliandikisha watoto 686,061 na vifo takriban milioni 1.6, yaani kwa kila mtoto mmoja aliyezaliwa walizikwa zaidi ya watu wawili. Korea Kusini mwaka 2023 ilifika wastani wa 0.72, kiwango ambacho hakuna nchi nyingine iliyokuwa imekifikia, wakati ili kizazi kimoja kiweze kujaza nafasi ya kingine inahitajika 2.1 hivi. China ilitangaza kwamba mwaka 2022 idadi ya watu wake ilipungua kwa watu 850,000, mara ya kwanza tangu njaa kubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukasema India imeipita China kwa wingi wa watu. Hapo inafaa kusimama kidogo, maana India ilitangazwa kuwa nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani wakati sensa yake ya mwisho ilikuwa ya 2011. Ile ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya Uviko, ikasogezwa tena na tena hadi serikali ilipotangaza kwamba itafanyika 2027. Taji lilitolewa kwa makadirio.

Na India ni nchi yenye wataalamu na ofisi madhubuti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya sensa moja tu tangu uhuru, mwaka 1984, ikapata watu wapatao milioni 30. Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi au Bukavu mwaka ule huenda sasa ana wajukuu. Leo tunaambiwa Kongo ina zaidi ya watu milioni 100, na kila jambo kuhusu nchi hiyo, kuanzia dozi za chanjo hadi vituo vya kupigia kura, huanzia kwenye kukadiria. Wapangaji wametumia orodha za wapiga kura, kampeni za polio na ugawaji wa vyandarua ili kujua vijiji vina watu wangapi. Lebanon haijafanya sensa tangu 1932, na sababu yake inajulikana: vyeo vikuu vya nchi viligawanywa kwa dini, Rais awe Mkristo wa Kimaroni, Waziri Mkuu Msuni, Spika Mshia. Kuhesabu upya ni kufungua upya mgawanyo huo, na hakuna anayethubutu.

Nigeria imeonja uchungu wa kuhesabu kuliko nchi nyingi. Sensa ya 1962 ilifutwa. Ya 1963 ilitoa milioni 55.6 katikati ya malalamiko. Ya 1973 nayo ilifutwa. Ya 2006 ilitangaza milioni 140, Kano ikiwa na watu milioni 9.4 na Lagos milioni 9.0. Serikali ya jimbo la Lagos ilikuwa imefanya hesabu yake yenyewe, ikapata milioni 17.5. Tofauti hiyo inazidi idadi ya watu wa nchi kadhaa za Ulaya. Kinachogombewa ni mgawo wa fedha za serikali kuu na viti vya ubunge, na jimbo linalohesabiwa dogo hulipwa kidogo. Kwetu Afrika Mashariki hatuko mbali na hayo: Kenya mwaka 2009 ilifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini kwa kuwa idadi ilikuwa imepanda kupita kiasi.

Lakini hakuna sensa iliyogharimu maisha ya waliohesabu kama ile ya Umoja wa Kisovieti ya Januari 1937. Stalin alikuwa ametamba kwamba nchi inaongezeka kwa watu milioni tatu kila mwaka. Wataalamu wakahesabu, wakapata milioni 162, mamilioni pungufu ya walichoahidiwa wananchi. Pengo hilo lilikuwa la waliokufa kwa njaa ya 1932 na 1933 huko Ukraine, Kazakhstan na kwingineko. Matokeo yakafungiwa, wakuu wa takwimu wakakamatwa na baadhi yao wakapigwa risasi. Walikuwa wamehesabu sawasawa. Kila ninaposikia mtu akisema takwimu hazina uhai huwakumbuka hao.

Sasa, sensa inawezaje kujua kwamba imewaruka watu? Swali hili hupaswa kuulizwa mara nyingi zaidi, na jibu lake linapendeza. Baada ya sensa, kikundi kingine cha wahesabuji hurudi katika maeneo machache yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kuhesabu upya bila kuona orodha ya kwanza. Halafu orodha mbili zinalinganishwa jina kwa jina. Chukua kijiji ambacho sensa iliandika watu 800. Kikundi cha pili kikipata watu 100, na 80 kati yao wamo kwenye orodha ya sensa, basi sensa iliwapata wanne katika kila watano, na kijiji kina watu wapatao 1,000. Mwaka 1949, C. Chandra Sekar wa India na W. Edwards Deming wa Marekani waliandika kuhusu mbinu hii walipokuwa wakitafuta vizazi na vifo vilivyokosa kuandikishwa karibu na Calcutta. Afrika Kusini ilipoitumia kwa sensa yake ya 2022 ikagundua kwamba asilimia 31 ya watu walikuwa wamerukwa, karibu mmoja katika kila watatu. Zile milioni 62 zilizotangazwa zina ndani yake watu hao walioongezwa kwa hesabu. Wanaorukwa si watu wa kubahatisha. Ni watoto wachanga, ambao hata familia husahau kuwataja. Ni vijana wa kiume wasiotulia mahali pamoja. Ni maskini wanaopanga chumba uani. Ni wafugaji wanaohama na mifugo.

Kabla ya sensa za namna hii, katika nchi hizi zetu, watu walihesabiwa kwa kodi. Watawala wa kikoloni walichukua idadi ya walipa kodi waliyoletewa na machifu, wakazidisha kwa kukadiria wake na watoto. Anayekimbia kodi hakuwepo. Sensa kubwa ya kwanza iliyojaribu kumfikia kila mtu katika Afrika Mashariki ilikuwa ya 1948, na mwaka huohuo Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi, ilimpokea kijana Mskoti aitwaye William Brass. Alikaa hadi 1955. Tatizo alilolikuta ni kwamba vizazi na vifo havikuandikwa popote, na watu wengi hawakujua umri wao kwa miaka. Bila hivyo, mtaalamu wa Ulaya wa wakati ule alijiona hana pa kuanzia.

Brass alianzia kwenye majibu ya akina mama. Umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai? Wangapi bado wako hai? Ni maswali mepesi kuyauliza na mazito kuyajibu, na ni nadra mama kusahau jibu lake. Alionyesha kwamba sehemu ya watoto waliofariki kati ya wale wa wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 inakaribiana na sehemu ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa wanawake wa 25 hadi 29 ni kabla ya miaka mitatu. Kwa wale wa 30 hadi 34 ni kabla ya mitano. Hakuna cheti kilichohitajika wala tarehe. Mbinu hiyo ilienea duniani kote, na maswali yake yalikuwemo katika dodoso la Tanzania la 2022. Mara nyingi tunafikiria elimu ya takwimu kama kitu kilichotoka Ulaya kikaletwa huku. Hii ilipatikana kwa kuwasikiliza wanawake wa Afrika, na naona ni haki tuseme hivyo.

Umri umebaki kuwa mgumu. Karani anapokutana na bibi asiye na tarehe ya kuzaliwa hutumia matukio. Azimio la Arusha, mwaka 1967, ulikuwa umeolewa? Wakati wa Vita vya Kagera ulikuwa na watoto? Meli ya MV Bukoba ilipozama, mwaka 1996, mjukuu huyu alikuwa ameshazaliwa? Kwa subira, mwaka hupatikana. Kwa haraka, karani huandika 60. Ndiyo sababu chati ya umri ya nchi nyingi, ikichorwa mwaka kwa mwaka, ina vilele virefu kwenye 30, 35, 40, 45 na mabonde kwenye 31 na 39. Wataalamu hupima urefu wa vilele hivyo ili kujua ni kiasi gani cha umri ulioandikwa kilikisiwa.

Kati ya sensa na sensa kuna miaka 10, na katika miaka hiyo nchi nyingi hutembea gizani. Tanzania ina maeneo machache yasiyo na giza hilo. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza mwaka 1996 kufuatilia kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, na mwaka 1998 kazi kama hiyo ikaanza huko Rufiji. Kwa miaka mingi wadadisi wake walipita kila kaya mara tatu kwa mwaka na kuuliza yaleyale mambo manne: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani ameondoka. Kifo kinapotokea, mdadisi mwingine huja baada ya muda wa maombolezo na kukaa na ndugu. Homa ilianza lini? Alikuwa akipumua vipi? Alijifungua siku ngapi kabla? Kutokana na majibu hayo madaktari hukadiria sababu ya kifo cha mtu aliyefia nyumbani bila kuonwa na daktari. Kazi ya namna hiyo inaendelea Kilifi nchini Kenya, na Niakhar nchini Senegal ilianza tangu 1962. Mengi tunayoyajua kuhusu jinsi vifo vya watoto vilivyopungua Afrika tunayajua kwa sababu ya watu waliovumilia kuulizwa maswali yaleyale mwaka baada ya mwaka.

Baadhi ya nchi tajiri zimechukua njia ya daftari la wakazi. Denmark mwaka 1981 ilifanya sensa bila karani kugonga mlango wowote; ilijumlisha kumbukumbu zilizokwisha kuwemo serikalini. Oman, ambako Kiswahili bado kinazungumzwa katika nyumba nyingi za Maskati, ilifanya vivyo hivyo Desemba 2020, ikapata watu 4,471,148, karibu asilimia 39 kati yao wakiwa wageni. Lakini daftari nalo lina udhaifu wake, kwani anayehamia hujiandikisha ili apate huduma, na anayeondoka haoni sababu ya kwenda kujifuta. Ujerumani ilipofanya sensa mwaka 2011 ilikuta watu milioni 1.5 pungufu ya wale ilioamini inao. Paraguay, isiyo na daftari la namna hiyo, ilitarajia watu wapatao milioni 7.5 mwaka 2022 na ikakuta milioni 6.1.

Setilaiti zimeongeza jicho jipya. Programu husoma picha, huhesabu mapaa ya nyumba, kisha watafiti huenda kwenye sehemu chache kuhesabu watu chini ya mapaa hayo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, walizipima ramani za aina hii kwa njia isiyo ya kawaida: walichukua miradi zaidi ya 300 ya mabwawa katika nchi 35, ambako watu waliohamishwa walikuwa wamehesabiwa kwa makini kwa ajili ya fidia. Ramani zilionyesha watu wachache mno vijijini, kwa pengo la asilimia 53 hadi 84. Wataalamu wengine wameyapinga matokeo hayo wakisema maeneo ya mabwawa hayawakilishi vijiji vyote, na ubishi unaendelea. Linalobaki ni kwamba mtu wa kijijini huhesabiwa kwa makini zaidi siku ambayo ardhi yake inatakiwa na mwingine.

Sisi hatuna daftari la kutegemea. Utafiti wa 2015-16 ulionyesha kwamba ni takriban robo tu ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa kuzaliwa. Tangu wakati huo uandikishaji umesogezwa hadi zahanati na ofisi za kata, cheti cha mtoto mdogo kinatolewa papo hapo, na mikoa mingi imepiga hatua ya kweli. Vifo vimebaki nyuma. Mtu akifia nyumbani na kuzikwa siku ileile, familia huenda ofisini pale tu panapokuwa na mirathi, mafao au akaunti ya benki. Mtoto wa siku mbili hana hata kimoja cha hivyo.

Kwa hiyo tunakadiria, na makadirio hayapatani. Julai 2022, mwezi mmoja na ushei kabla ya makarani kuingia mitaani, Umoja wa Mataifa ulichapisha namba zake zikiiweka Tanzania kwenye watu milioni 65.5 kwa mwaka huo. Sensa ikapata milioni 61.7. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kutokana na utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuongeza watu unaodhani wamerukwa na sensa, hasa watoto wadogo. Lakini ni tofauti ya karibu watu milioni nne, na mganga mkuu wa wilaya lazima atumie mojawapo. Akigawa idadi ya watoto waliochanjwa kwa makadirio yaliyo madogo mno, anapata asilimia 110, jambo lisilowezekana ambalo hutokea katika taarifa za wilaya nyingi Afrika. Akitumia makadirio makubwa mno anaonekana mzembe, na dozi zinaharibika kwenye friji. Vivyo hivyo kwa madawati, kwa walimu, kwa visima. Sensa ijayo ya Tanzania ni ya 2032. Hadi wakati huo kila mgao utapigwa kwa makadirio ya milioni 61.7 iliyokuzwa mwaka hadi mwaka kwa kasi ambayo huenda imeshabadilika, na tutajua imebadilika kiasi gani kwa kadiri ofisi za kata zitakavyoandika waliozaliwa na waliofariki.